Sarafu Haifutwi

Mama Kusum alinijia dukani wiki iliyopita, saa za asubuhi ambapo Kariakoo bado inapanga bidhaa, amevaa sari nyeupe na raba za mazoezi miguuni. Sikumtambua mara moja. Niliona mwanamke mzee wa Kihindi amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mlango na wa pili umekumbatia mkoba, anachungulia ndani. Kisha akasema, "Saumu, bado unakula chumvi nyingi?" nikajua ni yeye, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kunigombeza kwa ajili ya chumvi. Nikamwamkia shikamoo huku nazunguka meza, akaitikia marahaba, tukakumbatiana, tukalia kidogo, tukakaa. Mumewe, Mzee Vinod, aliyekuwa mwajiri wangu wa kwanza na mwalimu wangu wa pekee katika kazi hii ya sarafu, alikuwa amefariki huko Leicester, Uingereza, miezi michache kabla. Habari nilizipata kwa simu. Kilichomleta Mama Kusum Dar es Salaam ni usia: mzee alitaka sehemu ya majivu yake imwagwe kwenye bahari hii, upande huu, na alfajiri ya siku hiyo hiyo yeye na mwanawe Kirit walikuwa wamekwenda ufukweni wakautimiza. Alinieleza hayo kwa utulivu wa mtu aliyemaliza shughuli zake za asubuhi. Kabla hajaondoka aliniambia jambo moja ambalo limenifanya niupitie upya mwaka mmoja wa ujana wangu, na hapa nauandika kama nilivyouishi kwanza, nikiwa sijui hilo jambo.

Habari za kwetu ni ndefu. Hapa itoshe kwamba miaka ya tisini ilipokuwa inaanza nilikuwa msichana wa mjini aliyemaliza kidato cha nne, nikijua kupiga taipu kidogo na kubishana sana, nalala kwa shangazi Kariakoo na sina kazi. Neno la mjini lilikuwa "ruksa". Ruksa kuleta redio, ruksa kuuza mitumba, ruksa kubadilisha dola mchana kweupe kwenye duka lenye kioo na feni, jambo ambalo miaka michache nyuma lingekupeleka ndani. Sabuni zilizowahi kutupanga foleni sasa zilitandazwa chini barabarani, watoto wakiziruka wanapocheza. Kila mtu alikuwa anauza kitu na kila mtu alikuwa anaulizia cha kuuza. Katika purukushani hiyo nikaona kibao cha "Anatakiwa msichana mwenye macho mazuri" kwenye duka la saa, mtaa wa nyuma ya soko. Shangazi alisema hilo ni tangazo la wahuni. Nilikwenda kwa ubishi tu.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya muuza kanga na muuza vipuri vya baiskeli. Mbele zilining'inia saa za ukutani, kila moja na majira yake, maana Mzee Vinod aliamini kwamba saa zote zikikubaliana mteja hana sababu ya kuuliza swali. Nyuma, ukisogeza pazia la kitenge, palikuwa na chumba kidogo chenye meza, taa yenye shingo ndefu, viti viwili, jiko la umeme la kuchemshia chai na kabati la chuma. Mzee alikuwa mtu wa umri wa kati, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, anazungumza Kiswahili cha Kariakoo kuliko mimi. Aliniuliza namba ya basi lililokuwa linapita upande wa pili wa barabara. Nikaisoma. Akaniuliza jina la dereva lililoandikwa mlangoni kwa herufi ndogo. Nikalisoma pia, nikaongeza kwamba limekosewa. Akacheka, akaniambia nianze kesho.

Miezi ya kwanza niliuza saa na mikanda yake. Siku moja ya masika, maji yamejaa barabarani na wateja hakuna, aliniita nyuma ya pazia. Aliweka juu ya kitambaa cheusi sarafu mbili za fedha, kubwa kuliko yoyote niliyowahi kushika, zote zina kifaru upande mmoja. "Ipi nzuri?" akauliza. Nikaonyesha ile iliyong'aa zaidi. "Kwa nini?" Nikamwambia kwa sababu inang'aa. "Sufuria mpya nayo inang'aa," akasema, "nani anaiweka kwenye kabati la chuma?" Kisha akawasha taa. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba kuna sarafu ambazo hazikutengenezwa zinunue chochote. Yeye aliziita prufu. Muhuri wa kuzipigia hung'arishwa kwanza, na kipande cha fedha nacho hung'arishwa, kisha sarafu hupigwa zaidi ya mara moja, ili pale palipo patupu, mahali alipopaita uwanja, pawe kioo kabisa, na picha yenyewe ibaki na weupe wa ukungu. Ukiiinamisha, uwanja unakuwa mweusi na kifaru anabaki mweupe, amesimama peke yake gizani. Zilitolewa zamani kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, lakini chache zilibaki hapa hapa, kwenye makabati ya watu waliopewa zawadi na waliostaafu, na sasa kwa kuwa ni ruksa, zilikuwa zinatoka moja moja kutafuta mnunuzi.

Akanifundisha. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa vidole viwili, juu ya kitambaa, ili ikiponyoka isiumie. Usiongee juu yake, mate yanaruka. Kidole kikigusa uwanja leo hutaona kitu, ila baada ya mwaka alama itajitokeza, ya kahawia, na jina la mwenye kidole utalijua. Hewa yetu ya chumvi ni adui, plastiki mbaya ni adui wa pili kwa sababu hutoa ute wa kijani. Na sarafu haifutwi. Hilo alilirudia mpaka nikaliota. Haifutwi kwa pamba, haifutwi kwa hariri, haifutwi hata ukiwa umefiwa na unaifuta machozi. Kitambaa laini kuliko vyote huacha mikwaruzo myembamba kama unywele, na mikwaruzo hiyo haina dawa. Niliuliza tunaionaje basi. Akanishika mkono, akauelekeza chini ya taa, akaniambia niiinamishe sarafu polepole, mwanga uzunguke kama mafuta kwenye sahani. "Usitafute," akasema. "Macho hayana pazia. Kama mkwaruzo upo, utakuja wenyewe." Na kweli, kwenye ile iliyong'aa zaidi, niliyoichagua, mikwaruzo ikajitokeza kwa mamia.

Ubaya wa kanuni ile ni kwamba ilikuwa kinyume cha malezi ya kila mtu mjini. Alikuja mama mmoja kutoka Magomeni, mjane, amevaa baibui lake la kutokea, na sarafu ya twiga ndani ya kasha lake la asili lenye kitambaa cha bluu. Nilipoona kasha nilisogea karibu. Akalifungua, akasema kwa fahari kwamba jioni yote ya jana ameimalizia kwenye hiyo sarafu, kwa ndimu, majivu na makumbi ya nazi, mpaka imetakata. "Siwezi kumtoa mwali mbele za watu na uchafu wake," akasema. Mzee Vinod aliiinamisha chini ya taa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia, "Mama, umeisafisha vizuri sana," akaipima kwenye mizani, akainunua kwa uzito wa fedha tu, akamwagizia soda. Mama yule alipoondoka nilimuuliza Mzee kwa nini hakumwambia kwamba ameiharibu. "Nimwambie ameua mwali wake? Ili iweje?" Nikamwambia sisi watu wa Pwani hatuwezi kuona fedha imeingia weusi tukalala. "Na kwetu hivyo hivyo," akajibu. Akazima taa, akasema tule.

Chakula kilikuja kila mchana kutoka nyumbani kwao Upanga, ndani ya vyombo vya chuma vinavyopandana, amekipika Mama Kusum. Chapati nyembamba zilizokunjwa mara nne, dengu, viazi vya bizari, achari ya ndimu, na siku za Ijumaa kitu kitamu cha maziwa. Mara nyingine alikileta mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu kututazama tukila. Niliongeza chumvi kabla ya kuonja, akaniambia ni dharau kwa mpishi, nami nikamwambia mpishi aongeze chumvi. Hakuna nyama iliyoingia chumba kile. Nikila mishkaki kwa muuza wa kona, nilisukutua mdomo kabla sijasogeza pazia, si kwa sababu niliambiwa, ila niliona ndiyo adabu. Walinizoea kuliko nilivyotegemea. Mama Kusum alianza kuniita binti yangu, na mimi nilianza kuchelewa kurudi kwa shangazi.

Mijadala yetu mikubwa chumbani ilikuwa juu ya kuzipa sarafu daraja. Mzee alikuwa na majarida ya wakusanyaji, anayatunza kuliko pasipoti, na humo nilisoma kwamba Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kuikagua sarafu yako, kuipa namba, ya juu kabisa sabini, na kuifungia kwenye kasha la plastiki lisilofunguka. Sarafu yenye namba huaminiwa na mtu asiyewahi kuiona. Nilipagawa. Nilitaka tufunge kila kilichomo kabatini tukipeleke. Mzee alinikalisha kitako. Kabla ya kuuliza watatupa ngapi, alisema, jiulize safari italipwa na nani. Kuna ada yao, kuna posta, kuna bima, kuna kurudi, na kuna miezi ambayo sarafu ipo angani na wewe unakula nini. Ikipata sabini, imelipa. Ikipata chini kidogo ya hapo, umerudisha nauli, na kwa sarafu zetu ambazo wanaozitaka si wengi, hata nauli hairudi. Ikipata sitini na kitu umenunua kasha la plastiki kwa bei ya mbuzi. Na ikiwa imewahi kusafishwa, wataiandika hivyo hivyo, imesafishwa, na hakuna atakayeitaka tena. "Kizuri chajiuza," nikasema, kujifanya nimeelewa. "Na kibaya chajitembeza," akamalizia, "sasa hiki chetu tukitembeze mpaka Marekani?" Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza kukagua sarafu aliuliza swali moja, "Inalipa?" nami nilitakiwa kujibu kwa neno moja.

Sikumbuki siku niliyogundua kwamba haoni. Ilikuja kwa vipande. Chai ilimwagika pembeni ya kikombe. Mtu aliingia, akamsalimia Mambo Saumu, kumbe ni muuza kanga wa jirani. Nilikuwa nikidhani ananiambia "soma", yaani nimweleze ninachokiona, kwa sababu ni mwalimu. Kumbe alikuwa anasoma kupitia kwangu. Wateja wa nje walipokuja, aliishika sarafu, akaiinamisha kwa ustadi ule ule, akatikisa kichwa, kisha akanipa mimi kama mtu anayemjaribu mwanafunzi wake, nikasema ninachoona, akasema "Sawasawa." Mama Kusum ndiye aliyenitajia jina la ugonjwa, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali haikuwa mbali na nyumba yao, lakini Mzee aliogopa kisu kwenye jicho kuliko alivyoogopa giza. "Akikuuliza, usimwonyeshe kwamba unajua," Mama Kusum aliniambia. Nikaelewa lile tangazo la macho mazuri. Sikukasirika. Nilijiona nina cheo.

Kirit, aliyekuwa anaishi Leicester, alipiga simu kila Jumamosi mchana, pale dukani, kwa sababu simu ya nyumbani ilikuwa imekatika na hakuna aliyekuja kuiunga. Waliongea Kigujarati kilichochanganyika na Kiswahili, na Mzee alipokasirika Kiswahili kiliongezeka, kwa hiyo ugomvi wao niliufuata vizuri kuliko mapenzi yao. Kirit alitaka wafunge duka wahamie kwake. Macho yatatibiwa, wajukuu wapo, huko Kariakoo mnamlindia nani saa mbovu? Mzee alimjibu kwamba sasa ndipo biashara inafunguka, wanyama wetu wa fedha wanatakiwa duniani, na hapa mjini hakuna mwingine anayeelewa prufu. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika birika, nikimwombea ashinde. Siku moja alikata simu, kisha akaniambia wamekubaliana. Kirit atapokea sarafu moja, ya kuchaguliwa na Mzee mwenyewe, ataituma Marekani kwa gharama zake. Ikirudi na namba inayolipa, hatasema tena habari ya kuhama. Isipolipa, duka linafungwa. Ndugu yao mmoja alikuwa anasafiri baada ya sikukuu yao ya Diwali, huyo ndiye angeibeba.

Wiki zilizofuata tulitoa kabati zima. Nilikaa chini ya taa tangu asubuhi, Mzee pembeni yangu, chai inapoa. Hii ina alama ya kidole. Hii imeingia wingu la chumvi ukingoni. Hii plastiki imeila. Hii nzuri, Mzee, hii nzuri kabisa, ila ngoja, hapa kwenye shingo ya twiga, pana kitu. Niliikataa moja baada ya nyingine mpaka nikaogopa macho yangu. Nilikuwa natafuta sarafu ya kumbakiza mtu, na kila nilipoiinamisha ilikuwa inamfukuza. Tulipofika ya mwisho nilitaka kulia. Mzee akaegemea kiti, akasema, "Bado moja. Ipo nyumbani." Ni kifaru aliyemnunulia mkewe mwaka zilipotoka, badala ya bangili. Haijawahi kufika dukani, alisema, na hakuna mteja aliyewahi kuishika. Nikapata nguvu upya. Sarafu ambayo haijashikwa na mteja, ndani ya kasha lake tangu siku ya kwanza: nilishaiona sabini yake kabla sijaiona yenyewe. Akanialika Upanga siku mbili kabla ya Diwali nikaisome.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu, na ngazi nzima ilinukia samli, kila mlango unakaanga kitu. Mama Kusum alikuwa amepika tangu alfajiri. Nilikaribishwa nikae sebuleni pamoja na Mzee, lakini mlango wa chumba cha sala ulikuwa wazi na nilipokaa niliona ndani. Siku ile, nilikuja kujua, ndiyo siku ambayo familia za Kihindu hutoa fedha zao na kuziweka mbele ya Lakshmi, mungu wao wa neema. Mama Kusum alikaa chini, amejifunika kichwa. Akafungua kasha la bluu. Akamtoa kifaru kwa vidole vyake vyote, akamweka kwenye kibakuli, akammiminia maziwa. Kisha maji. Kisha akashika ncha ya sari yake, akaifuta ile sarafu, upande huu na upande wa pili, taratibu, kwa kuzunguka, kwa upendo wote. Akampaka tika, alama nyekundu ya sala, usoni, akapanga punje za mchele, akaanza kusali. Nilikuwa nimeshika sahani ya vitamu vya ladu, nikaiweka chini. Alikuwa anamwombea mumewe ashinde. Mzee alikuwa ameketi pembeni yangu, uso ameuelekeza dirishani, na niliamini hajaona lolote.

Baada ya sala Mama Kusum aliileta sarafu ndani ya kasha lake, tika imeoshwa, akaiweka mezani. Mzee akavuta taa karibu. "Soma," akasema.

Niliishika ukingoni. "Kifaru mzuri," nikasema. "Ukungu umejaa mpaka kwenye pembe."

"Uwanja?"

Niliinamisha. Mwanga ukazunguka, na mikwaruzo ikaja, si mmoja wala miwili, msitu mzima wa mikwaruzo inayozunguka upande mmoja. Nilijua vizuri kilichokuwa mkononi mwangu. Nikisema ni safi, sarafu itasafiri, miezi itapita kabla ya jibu, duka litaendelea kuwa wazi, na nani ajuaye ya Mungu. Nikisema ninachokiona, nalifunga duka kwa mdomo wangu, napoteza kazi na chumba ninachokipenda kuliko kwetu, na namwaibisha Mama siku ya sikukuu yake, amesimama mlangoni na sinia la vitamu.

"Uwanja, Saumu."

"Una mikwaruzo, Mzee."

"Mingi?"

"Mingi."

"Ya nini?"

Sikumtazama Mama Kusum. "Ya kufutwa."

"Ungeipa ngapi?"

"Sitini. Na wataandika kwamba imesafishwa."

"Inalipa?"

Asiyeona akikuuliza unaona nini, ukamdanganya, umemwibia mara mbili. Hayo nayasema leo, mtu mzima. Siku ile sikufikiri hivyo. Ulimi ulijibu kama ulivyofundishwa. "Hailipi," nikasema. Mzee akatikisa kichwa polepole. Akapapasa meza mpaka akalipata kasha, akalifunga, akamrudishia mkewe, akaomba chai. Mama Kusum aliitazama ncha ya sari yake, akaiingiza kiunoni, akaenda jikoni. Nilikula ladu zote nilizopewa ili nisiongee. Jumamosi iliyofuata Kirit alipopiga, nilisimama nyuma ya pazia nikamsikia Mzee anaongea Kigujarati kitupu, kwa upole, na katikati yake neno moja tu la Kiswahili. Hailipi.

Waliondoka kabla ya masika. Saa za ukutani waliziuza kwa jumla, pazia la kitenge nikalichukua mimi, na Mzee akaniachia taa yenye shingo ndefu pamoja na majarida yake, akasema mwenye macho ndiye mwenye taa. Nilianzia kwenye nusu ya meza kwa muuza kanga, baadaye nikapata fremu yangu ya duka, na mpaka leo nakula kwa kazi hii. Wanakuja vijana na sarafu za marehemu babu zao, wameangalia kwenye simu, wanataka zipewe daraja, na nawauliza kama nilivyoulizwa, safari italipwa na nani. Huko Leicester Mzee alipasuliwa macho yote mawili na akaona. Kila Diwali alinipigia simu kunitania kuhusu chumvi. Nilifurahi kwa ajili yake, na kila nilipokata simu nilikumbuka kwamba mtu yule alizaliwa mji huu, alizeeka mji huu, na neno lililomng'oa lilitoka kwangu. Sikujutia kusema kweli. Nilisikitika kwamba ilibidi niwe mimi, na kwamba niliisema mbele ya mkewe.

Ndiyo maana wiki iliyopita, baada ya chai, nilimwambia Mama Kusum kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa na deni la kumwomba radhi. Akauliza kwa lipi. Nikamkumbusha: ulimwosha kifaru, ukamfuta kwa sari, nami nikakuaibisha.

Mama Kusum alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika kifua. "Saumu, ulidhani ilifutwa siku ile tu?" akasema. "Kila mwaka, binti yangu. Toka mwaka alioninunulia. Mimi namwosha, Vinod anamfuta. Ilikuwa kazi yake. Anatoa leso mfukoni, anafuta mpaka anajiona usoni mwa sarafu, ndipo ananirudishia. Mwaka ule nilifuta mimi kwa sababu yeye alikuwa haoni tena."

Nikamwambia lakini ndiye aliyenifundisha kwamba haifutwi.

"Ndiyo. Ya biashara haifutwi. Ile haikuwa ya biashara." Akapakata mkoba wake. "Aliniambia tukiwa ndani ya ndege. Dukani kote hakuna sarafu aliyoijua kama ile, na alijua haiwezi kushinda. Aliichagua kwa hilo. Alikuwa amechoka, Saumu. Anaogopa giza, anaogopa kisu, na zaidi ya vyote anaogopa kumwambia mtoto wake nichukue. Akatafuta namna ya kushindwa kwa haki. Nikamwambia, na kama Saumu angesema ni nzuri? Akasema, hawezi."

Nje watu walikuwa wanapigiana kelele juu ya mzigo wa mapazia uliozuia njia. Mama Kusum alifungua mkoba, akatoa leso ya kiume, imelowa, akaikunjua juu ya kioo cha meza yangu. Ndani alikuwemo kifaru. Alikuwa amekwenda naye ufukweni alfajiri, akasema, akamchovya majini ili waagane. Maji ya chumvi yalikuwa bado yanametameta kwenye pembe, na kwa kazi yangu najua chumvi huanza kula fedha saa ile ile. Nikawasha taa yenye shingo ndefu, nikaishika sarafu ukingoni, kwa mazoea, nikaiinamisha. Msitu ulikuwa pale pale. Mikwaruzo ya miaka na miaka, yote inazunguka upande mmoja, kama mkono mmoja unavyozunguka, na mimi msichana wa mwaka mmoja kazini nilidhani imeletwa na ncha ya sari siku moja.

"Nifutie wewe," Mama Kusum akasema. "Macho yangu sasa ndiyo yameingia ukungu, na mwenye kazi yake hayupo."

Nimeishi maisha yangu yote kwa kutofuta sarafu. Nikashika ncha ya mtandio wangu, nikamfuta kifaru taratibu, kwa kuzunguka, mpaka nikajiona.